RegCM, WRF, data za CORDEX au hesabu za takwimu: mtafiti wa tabianchi aliyeko Dar ashike ipi?

Chukua ramani ya Dar es Salaam uchore mraba wa kilomita 50 kwa 50. Kaskazini anzia Bunju, kusini pita Chanika kidogo. Magharibi gusa Kibaha, mashariki vuka Kigamboni mpaka uingie baharini. Mkoa wetu mzima una kilomita za mraba kama 1,400 hivi. Mraba huo una 2,500. Kariakoo, Goba, Mbagala, Bonde la Msimbazi na kipande cha bahari vyote vimo humo, na modeli ya tabianchi yenye miraba ya ukubwa huo inavipa mvua moja, joto moja na upepo mmoja.

Mwaka jana kijana mmoja wa uzamili alinifuata pale Mlimani na kompyuta yake kwapani. Tasnifu yake ilihusu mafuriko ya Jangwani, mtaa kwa mtaa. "Kaka, mbona Jangwani na Goba zinanipa mvua sawasawa mpaka desimali ya mwisho?" Nikamwambia ni namba moja, ila ameisoma mara mbili. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali lililozaa makala hii: "Kwa hiyo niendeshe modeli yangu mwenyewe?"

Mtu wa namna yake ana njia nne mbele yake. Anaweza kutumia data ambazo wengine wameshaziendesha chini ya CORDEX, mpango wa dunia unaoratibu modeli za kikanda, yaani zile zinazoigiza anga la sehemu moja ya dunia. Anaweza kuendesha RegCM, modeli ya tabianchi ya kikanda. Anaweza kuendesha WRF, modeli ya hali ya hewa. Au aachane na modeli za kikanda kabisa, achukue matokeo ya modeli za dunia ayashushe hadi kituoni kwa hesabu za takwimu. Nimepita zote nne, mbili kwa hiari na mbili kwa kukwama.

Tupime kwa lipi?

Kwanza swali lako. Si mada, swali. "Mabadiliko ya tabianchi Dar es Salaam" ni mada. "Je, mvua za vuli katika bonde la Ruvu zitaanza kuchelewa?" ni swali, na lina ukubwa wake: bonde, msimu, miaka 30 au zaidi. Swali la mtaa mmoja na saa tatu za mvua kubwa lina ukubwa mwingine kabisa.

Pili mashine, umeme na muda. Hapa watu hujidanganya sana, na hesabu yake ni nyepesi. Ukiendesha eneo lile lile kwa kilomita 5 badala ya 25, miraba inakuwa mara 25. Juu ya hapo, hatua za muda lazima ziwe fupi zaidi ili hesabu isilipuke. Kwa WRF kanuni ya mkononi ni sekunde 6 kwa kila kilomita moja ya upana wa mraba, yaani sekunde 150 kwa kilomita 25 na sekunde 30 kwa kilomita 5. Mara 25 zidisha kwa 5 ni mara 125. Kazi ya siku moja inageuka kazi ya miezi minne, na miezi minne Dar bila umeme kukatika sijaiona.

Tatu, kosa linalojificha. Kila njia ina kosa ambalo haliandiki ujumbe mwekundu kwenye skrini. Ramani inatoka safi, rangi zinapendeza, na bado si kweli.

Nne, watu. Vitabu huliruka hili, mimi naliweka sawa na mengine. Ukikwama saa 5 usiku na faili lisilofunguka, nani atakujibu? Nimeona tasnifu nyingi zaidi zikifa kwa kukosa mtu wa kuulizwa kuliko zilizokufa kwa kukosa kompyuta.

Kabla ya kwenda mbele, kuna mawili yanayozihusu njia zote nne.

La kwanza ni kipimo. Njia yoyote utalazimika kuilinganisha na kilichonyesha kweli. Data za vituo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa ziombe kwa barua ya chuo, tena mapema, siyo wiki ya kuandika sura ya nne. Pengo la vituo wengi hulijaza kwa CHIRPS, inayochanganya setilaiti na vituo kwa miraba ya nyuzi 0.05 tangu 1981. ERA5 ya kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa ni nzuri kwa upepo na joto, ina saa baada ya saa tangu 1940 kwa kilomita kama 31, lakini mvua yake ni zao la modeli. Kupima modeli kwa mvua ya ERA5 ni kumwita shahidi aliye ndugu wa mshtakiwa.

La pili ni kitendawili. Tega! Masika ya Afrika Mashariki ilipungua tangu miaka ya 1980 mpaka kuelekea 2010, huku modeli nyingi za dunia zikisema mbele ya safari masika itaongezeka. Wataalamu wanaliita jambo hili hivyo hivyo, kitendawili cha tabianchi ya Afrika Mashariki, na bado wanabishana. Modeli ya kikanda haikitegui, kwa sababu inalishwa mipakani na hiyo hiyo modeli ya dunia: upepo, unyevu na joto, kwa kawaida kila baada ya saa 6, kisha inapika yenyewe ndani. Mchele wenye mawe hata ukiupika kwenye sufuria ya bei mbaya, mawe utayatafuna.

Data za CORDEX

Mpango huu uliandaliwa chini ya Programu ya Dunia ya Utafiti wa Tabianchi mwaka 2009, na Afrika ndiyo iliyopewa kipaumbele cha kwanza. Vituo mbalimbali, vingi vya Ulaya, viliendesha modeli zao juu ya eneo moja lenye bara zima, kwa miraba ya nyuzi 0.44, yaani ule wa kilomita 50 tuliouchora. Baadaye likaja kundi la nyuzi 0.22, kilomita 25 hivi.

Maswali yanayofaa hapa ni ya mkoa, bonde au nchi, ya msimu au miongo. Mvua ya vuli bonde la Rufiji, siku za joto kali ukanda wa pwani, urefu wa msimu Dodoma. Ukitaka Jangwani peke yake, rudi kwenye mraba wetu.

Mashine ni kompyuta mpakato ya kawaida. Eneo la Afrika la kilomita 50 lina pointi 194 kwa 201. Mvua ya kila siku kwa miaka 30 inakuwa kama gigabaiti 1.7 kabla ya kubanwa, kwa modeli moja. Zidisha kwa modeli 10 na vipindi viwili, ndipo utajua bando la simu halitoshi. Nenda na diski ya nje kwenye intaneti ya chuo, usiku. Au mtafute mwenzako aliyeshapakua, maana katika mji huu faili za AFR-44 (Afrika kwa nyuzi 0.44) zinatembea kwenye flashi kama zilivyokuwa zikitembea nyimbo zamani.

Makosa yanayojificha ni mengi kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa data zimeshapikwa na mtu anadhani zimeshaiva. Mvua imeandikwa kwa kilo kwa mita ya mraba kwa sekunde. Usipozidisha kwa 86,400 utadhani Tanzania ni Sahara. Kijana wangu wa Jangwani aliwahi kunitumia ujumbe: "Kaka, faili hili lina tarehe 30 Februari, ni virusi?" Siyo virusi. Modeli ya dunia ya Uingereza, HadGEM2-ES, inahesabu mwaka wa siku 360, kila mwezi siku 30, na modeli za kikanda zinazolishwa nayo zinarithi kalenda hiyo. Ukijumlisha masika bila kuliangalia hilo, programu nyingine itakataa, nyingine itakubali na kukudanganya.

Kosa kubwa zaidi ni kuchukua modeli moja kwa sababu ndiyo iliyopakuliwa haraka. Utafiti wa mwaka 2012 uliolinganisha modeli 10 za CORDEX juu ya Afrika ulikuta nyingi zinanyesha mapema mno katika siku, karibu na adhuhuri. Mwaka uliofuata ukaja mwingine wa Afrika Mashariki peke yake: modeli nyingi zinapata sura ya misimu na mwitikio wa El Niño, lakini kila moja ina kasoro zake kulingana na eneo na msimu, na wastani wa zote ndio uliokuwa karibu zaidi na hali halisi. Kwa Tanzania nako kumefanywa tathmini za namna hiyo, ya 2016 ikiwa mojawapo, na miongoni mwa waandishi wake wamo watu wa hapa hapa. Kwa hiyo chukua nyingi, onyesha zinavyotofautiana, na tofauti hiyo usiifiche kwenye kiambatisho.

Watu? Hapa ndipo CORDEX inapong'ara kwa Mwafrika. Kulikuwa na timu za uchambuzi za Mashariki, Magharibi, Kati na Kusini, mafunzo yakiratibiwa kwa sehemu kubwa na wenzetu wa Chuo Kikuu cha Cape Town, na wengi waliopita huko leo ni wasimamizi na wachunguzi wa majarida. Oktoba 2013 jumuiya ya tabianchi ya Afrika ilikutana Arusha, na ukisoma majina ya waandishi wa tafiti za miaka iliyofuata utaona urafiki uliozaliwa kwenye mikutano kama ile. Ukituma barua pepe ya heshima yenye swali moja lililo wazi, mara nyingi utajibiwa.

Inamfaa mwenye muda mfupi, mwenye swali la eneo pana, na yeyote anayetaka kusema jambo kuhusu siku za usoni akiwa na zaidi ya modeli moja nyuma yake. Haimfai anayetaka kujua *kwa nini*. Data hizi zitakuonyesha mvua imepungua. Huwezi kurudi ndani ukabadilisha bahari kidogo uone nini kitatokea.

RegCM

Mizizi yake iko kwenye kituo cha utafiti wa anga cha Marekani, NCAR, mwishoni mwa miaka ya 1980. Leo nyumbani kwake ni Trieste, Italia, kwenye kituo cha fizikia alichokianzisha Abdus Salam mwaka 1964 kwa ajili ya wanasayansi wa nchi kama zetu. Filippo Giorgi ndiye jina utakalolikuta kila mahali. Toleo la 4 lilielezwa 2012, la 5 mwaka 2023.

Swali linaloifaa ni la tabianchi hasa: miaka mingi, eneo pana, na majaribio ya "itakuwaje kama". Itakuwaje misitu ikikatwa? Itakuwaje ukibadilisha joto la Bahari ya Hindi? Ina kitu kimoja nakipenda kwa mwambao wetu: unaweza kuchagua kanuni moja ya mawingu ya ngurumo kwa nchi kavu na nyingine kwa baharini. Mtu wa Dar, ambaye nusu ya mraba wake ni maji, anaelewa faida yake bila kuelezwa.

Mashine inayohitajika ni Linux, kompyuta yenye viini vingi, na uvumilivu. Hatua zake ni chache na zinasomeka: `terrain` kuandaa milima na ardhi, `sst` kuandaa joto la bahari, `icbc` kuandaa mipaka, kisha modeli yenyewe. Mwanafunzi mwenye bidii huiweka ndani ya wiki moja. Kuendesha miaka 10 ndiyo habari nyingine. Yangu ya kwanza ilikuwa mwaka wa 7 wa simulizi pale umeme ulipokatika saa 8 usiku. Faili za akiba, zile zinazokuruhusu kuendelea ulipoishia, nilikuwa nimezipunguza ili kuokoa nafasi ya diski. Nikaanza upya. Tangu siku hiyo kompyuta yangu ina betri ya dharura, na akiba naiandika kila mwezi wa modeli hata kama diski inalia.

Kosa linalojificha: kanuni ya mawingu. Katika kilomita 25 au 50 modeli haiwezi kuliona wingu la ngurumo, inalikadiria. Ukitoka kwenye kanuni ya Grell ukaenda ya Emanuel, mvua ya msimu mzima inaweza kubadilika kuliko badiliko la tabianchi unalolitafuta. Kwa hiyo miezi ya mwanzo ni ya kujaribu kanuni, siyo ya kupata matokeo, na msimamizi wako alijue hilo. Na mipaka: usiukate ukingo wa eneo lako juu ya mlima. Ukingo ukipita Kilimanjaro, mita 5,895, utaona mvua ya ajabu pembeni ambayo haipo duniani. Acha eneo lipumue, liingie Kongo upande mmoja na mbali baharini upande mwingine, kisha tupa mwaka wa kwanza wa matokeo ili udongo upate unyevu wake.

Upande wa watu, mtandao wa watumiaji wa RegCM umejengwa kwa makusudi kuzunguka nchi zinazoendelea. Warsha za Trieste mara nyingi huwasaidia wanaotoka kwetu kwa nauli na malazi, na mkutano wa dunia wa CORDEX wa Septemba 2023 ulifanyika huko huko na Pune, India, kwa pamoja. Aliyeandika programu unaweza kumkuta kwenye foleni ya kahawa. Lakini hapa mjini idadi ya wanaoiendesha ni ndogo; mmoja akihama, pengo linaonekana.

Inamfaa mwanafunzi wa uzamivu mwenye miaka mitatu, msimamizi anayeijua, na swali la majaribio. Wa uzamili mwenye miezi sita simshauri, ila kama seva ipo tayari na kuna mtu jirani wa kumvutia kiti.

WRF

Hii ni modeli ya hali ya hewa iliyofundishwa kazi ya tabianchi. Imetoka Marekani, NCAR wakiwa kati ya waanzilishi, toleo la 4 likitoka 2018. Watumiaji wake wametapakaa dunia nzima, na Mamlaka yetu ya Hali ya Hewa nayo imekuwa ikiitumia katika utabiri.

Maswali yake ni ya karibu na ya mchakato. Upepo wa bahari unaingiaje mjini mchana? Joto la Kariakoo usiku linatofautianaje na la Kisarawe? Mvua ya siku moja ilikusanyika vipi? Unaweka eneo ndani ya eneo, kwa mfano kilomita 27, ndani yake 9, ndani yake 3, na ukifika 3 unaizima kanuni ya kukadiria mawingu kwa kuwa modeli inaanza kuyaona yenyewe. Ina pia kanuni za majengo na lami. Kwa mji unaokua kama huu, hilo si dogo.

Kuhusu mashine, rudi kwenye ile mara 125. Tukio la siku tano kwa kilomita 3, kompyuta nzuri ya maabara inaliweza. Miaka 30 kwa kilomita 3 ni kazi ya kompyuta kuu, na hata taasisi kubwa huikata. Idara ya hali ya hewa ya Uingereza ilipoendesha Afrika nzima kwa kilomita 4.5 ilifanya miaka 10 ya sasa na 10 ya mwishoni mwa karne, basi. (Kama swali lako ni la mvua kubwa za saa chache, zitafute data hizo, zinaitwa CP4-Africa, kabla hujaomba seva.)

Kosa linalojificha nalijua kwa maumivu. Nilitaka kuendesha vuli ya 2019, ile ambayo magharibi mwa Bahari ya Hindi kulikuwa na joto lisilo la kawaida na mvua ikatuganda mpaka Desemba. Modeli yangu ikatoa vuli dhaifu. Nikabadilisha kanuni ya mawingu, nikabadilisha kanuni ya udongo, wiki tatu zikaisha. Siku moja nikafungua faili la joto la bahari: 1 Oktoba nyuzi zile, 15 Novemba nyuzi zile zile, 20 Desemba zile zile. Bahari ilikuwa imesimama. WRF imezaliwa kwa utabiri wa siku chache, kwa hiyo usipoiambia `sst_update = 1` inaiacha bahari na joto la siku ya kwanza. Haikukosea, mimi ndiye sikuiambia. Mtu wa Mwanza naye aangalie ziwa lake: bila kulishughulikia, maji ya Ziwa Victoria yanaweza kupewa joto la bahari ya mbali.

Upande wa watu, wamejaa, ila sikiliza kwa makini nani anakujibu. Wengi ni watabiri wa siku tatu. Ushauri wao juu ya kanuni za mawingu ni mzuri. Juu ya kuendesha miaka 20 wanaweza kukupoteza kwa nia njema kabisa. Faida ya Dar ni kwamba hapa hapa wapo watabiri walioizoea. Shikamoo moja na barua ya utambulisho vinafungua mlango ambao barua pepe kumi hazifungui.

Inamfaa anayechunguza tukio au mji, na anayetaka ajira ya utabiri baadaye, kwa kuwa ujuzi wake unauzika. Makadirio ya 2050 kwa WRF moja, iliyolishwa na modeli moja ya dunia, mimi ningeyaweka kwenye kundi la hadithi nzuri.

Hesabu za takwimu

Unachukua modeli ya dunia au ya CORDEX, unailinganisha na kituo, tuseme cha uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, unajua inakosea vipi, kisha unaisahihisha siku za usoni kwa kosa hilo hilo. Njia inayotumika zaidi ni ya kulinganisha mgawanyo: mvua ndogo za modeli zinavalishwa vipimo vya mvua ndogo za kituo, kubwa kwa kubwa.

Swali linaloifaa ni la mahali fulani na la matumizi: modeli ya mahindi inataka milimita za kituo, mhandisi wa maji anataka mtiririko wa Ruvu. Waliobeba ndoo wakati wa mgao wa Oktoba 2022 hawahitaji kuelezwa kwa nini namba za Ruvu lazima ziwe karibu na ukweli. Mashine ni kompyuta yoyote. Kazi ni jioni moja kwa R au Python. Ugumu uko kwenye data: miaka 30 ya kituo isiyo na matundu mengi, na hiyo ndiyo adimu.

Kosa linalojificha ni imani. Unaamini kwamba kosa la modeli la leo litakuwa hilo hilo mwaka 2060. Pia ukisahihisha mvua peke yake na joto peke yake, unaweza kupata siku ya mvua kubwa yenye jua la Januari. Na usidanganywe na ramani za kilomita 1 zinazogawiwa bure. Ule ulaini mwingi ni wa kujaza katikati ya vituo, hakuna fizikia mpya ndani yake.

Watu wake wametawanyika: wahaidrolojia, wanatakwimu, watu wa kilimo. Hawana nyumba moja kama Trieste. Faida yake ni kwamba mtakwimu wa chumba cha jirani anaweza kukusaidia hata kama hajawahi kusikia Ukanda Mvua, ule mkanda wa mawingu unaohama na misimu.

Inamfaa anayehitaji namba za kuingiza kwenye modeli nyingine, siyo anayetafuta kuelewa anga. Kuna sasa na njia ya kuifundisha kompyuta kazi hiyo kwa mifano mingi. Ina wapenzi wengi, na tatizo la imani lipo pale pale.

Sasa wewe uko wapi?

Kama una miezi sita, kompyuta mpakato na swali la mkoa au bonde, shika CORDEX, modeli nyingi, kisha sahihisha kwa kituo. Njia ya kwanza na ya nne zinaoana vizuri, na tasnifu nyingi zilizopita salama mikononi mwangu ni ndoa ya hizo mbili.

Kama swali linaanza na "kwa nini" na tukio lina tarehe, mfano mafuriko ya Desemba 2011 au Kimbunga Hidaya cha Mei 2024, nenda WRF, tukio fupi, na bahari itembee.

Kama uko uzamivu, una seva isiyozimika na unataka kubadilisha ardhi au bahari uone, RegCM. Omba warsha ya Trieste mwaka wa kwanza, siyo wa tatu.

Kama bosi wako ni mhandisi anayetaka namba Ijumaa, takwimu, ila mpe kiwango cha juu na cha chini, siyo namba moja.

Kama msimamizi wako anaijua modeli moja tu, hilo linaweza kuwa na uzito kuliko yote niliyoandika. WRF yenye mtu wa kuuliza inaishinda RegCM yatima, na kinyume chake.

Kijana wa Jangwani alibadilisha kichwa. Sasa anaangalia siku za mvua kubwa katika bonde zima la Msimbazi, kwa CORDEX ya kilomita 25 na kituo cha uwanja wa ndege, na mitaa amewaachia wenye ramani za mitaro.

Na kama bado huna swali, pakua faili moja tu: mvua ya kila mwezi, AFR-44, modeli yoyote. Toa mraba wa Dar, chora miezi 12, weka CHIRPS juu yake. Ni kazi ya mchana mmoja. Ukiona masika imehamia Juni, niambie ni modeli gani. Nina orodha yangu.